Naomba ushauri: tunataka kuhamasisha mtaani kuhusu bunge la dunia, watu wanatuona matapeli

Binti_Kisauni

Salaam aleikum waungwana, na hamjambo nyote.

Niko Mombasa. Mimi na wenzangu wachache tuliojuana chuoni tumejiunga na kampeni ya kudai bunge ndani ya Umoja wa Mataifa. Maana yake, pale New York pawe na wawakilishi wa wananchi, wasikae mabalozi wa serikali peke yao. Kampeni hii ilianza 2007, inaratibiwa kutoka Berlin. Wabunge zaidi ya 1,500 wa nchi mbalimbali, walioko madarakani na waliotoka, wametia sahihi, na hata marehemu Boutros Boutros-Ghali, aliyekuwa Katibu Mkuu wa UM, aliiunga mkono. Kwa miaka kadhaa, Oktoba, karibu na tarehe 24 ambayo ni Siku ya Umoja wa Mataifa, imekuwa ikifanyika wiki ya harakati: watu hukutana mijini mwao, hushika mabango, hujadiliana.

Nasi tunataka kufanya yetu Oktoba hii. Tatizo ni mtaani. Nikitamka tu "bunge la dunia", mmoja ananiambia hizo ni njama za Dajjal na Freemason, mwingine anauliza nauli ni ngapi, na wazee wananitazama tu kama mtoto wa watu aliyepotea. Juzi mama mmoja aliniambia wazi kwamba sahihi yake haitoi kwa mtu yeyote tangu wale wa Worldcoin, waliokuwa wakipiga watu picha za mboni za macho mwaka 2023.

Naomba mnisaidie. Jambo hili tulielezeje lieleweke? Tukikutana uwanjani tunahitaji kibali? Na hizo sahihi, tukizipata, tumpelekee nani?

NahodhaBubu

Dada, wabunge tulio nao hawajakutosha? Unataka na wengine wa kuzunguka dunia kwa posho?

Chapakazi254

Nianze na la polisi maana ndilo jepesi. Katiba ya Kenya, kifungu cha 37, inakupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka maombi kwa mamlaka, mradi iwe kwa amani na bila silaha. Kwa mkutano wa hadhara unampa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, taarifa kwa maandishi, isipungue siku 3 kabla wala isizidi siku 14. Ni taarifa, si ombi la kibali, ingawa ukifika kaunta utakuta askari wanaoipokea kama vile unawaomba ruhusa. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Kama uwanja ni wa kaunti, pitia na ofisi ya kaunti.

Ila mimi nisingeanza na uwanja. Nairobi pale Jeevanjee kuna Bunge la Mwananchi, watu wanajadili siasa wamesimama bustanini, na lina miaka mingi. Mombasa nako kila mtaa una maskani yake na baraza yake ya kahawa. Nendeni palipo na watu tayari, muombe nafasi ya kuleta hoja. Ukiwaita watu kwako wanakuuliza nauli. Ukiwafuata kwao wanakununulia kahawa.

ShangaziMkali

Chapakazi kanena. Nami niongeze ya kwangu, nimefanya kazi za uhamasishaji hapa Pwani muda mrefu.

La kwanza, hiyo karatasi ya sahihi muiweke kabatini kwa sasa. Watu wa huku wameshaona majina yao yakitokea kwenye orodha za vyama ambavyo hawakujiunga navyo. Ukimwomba mtu namba ya kitambulisho siku ya kwanza, umejifungia mlango. Siku ikifika ya kuchukua sahihi, chukueni jina na mtaa tu, isipokuwa sheria iwatake zaidi, na karatasi ioneshe juu kabisa kwa herufi kubwa inakwenda kwa nani.

La pili, soda na nauli msitoe hata kidogo. Mkitoa mara moja mmeshakuwa mradi, na mradi ukiisha watu nao wameisha.

La tatu ndilo kubwa. Huwezi kumuuzia mtu wa Likoni neno "dunia". Unamuuliza kuhusu jodari. Februari 2023, hapa hapa Mombasa, kamisheni ya jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo makao yake yako Shelisheli, ilikaa kikao maalumu. Ajenda ilikuwa yale maboya yanayoelea ambayo meli kubwa za kigeni huyaachia baharini ili samaki wajikusanye chini yake, halafu zinakuja kuzoa wote, wakubwa kwa wachanga. Kikao kilipiga kura maboya yapumzishwe siku 72 kila mwaka. Nchi za pwani zikashangilia. Miezi miwili baadaye Umoja wa Ulaya ukaandika barua ya pingamizi, na kwa kanuni za kamisheni ile, anayepinga hafungwi na uamuzi.

Sasa kaa na wavuvi, wasimulie hayo, kisha uulize: mle ukumbini nani alikuwa wenu? Nani mlimpigia kura? Mnaweza kumuuliza nani kwa nini mambo yaligeuka? Subiri majibu. Neno bunge watalitaja wenyewe kabla yako. Hapo hata Freemason hatajwi, maana mazungumzo yameshakuwa ya samaki.

KitwanaTanga

Shangazi, hili la jodari nalichukua hata sisi wa Tanga linatuhusu, bahari ni ileile.

Binti, nikuongezee hoja ambayo wengi wenu wanakampeni huwa mnaificha nyuma ilhali ndiyo yenye nguvu. Watu wakisikia bunge la dunia wanafikiri serikali moja, jeshi moja, sarafu moja. Kinachoombwa sasa hivi ni kidogo mno kuliko hapo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kifungu cha 22, unaliruhusu Baraza Kuu kuunda vyombo vyake vya chini. Kwa njia hiyo huhitaji kubadilisha Mkataba. Kuubadilisha kunataka theluthi mbili ya wanachama wote waridhie, na ndani yao wawemo wale watano wenye kura ya turufu, kwa hiyo mmoja tu akikataa umekwisha. Kwa kifungu cha 22 turufu haina nafasi. Chombo kinaanza na wabunge waliochaguliwa na mabunge ya nchi zao, kazi yake ni kuhoji na kushauri. Basi.

Ukiambiwa chombo cha kushauri hakina maana, taja Ulaya. Bunge lao lilianza 1952 kama mkutano wa watu 78 waliotoka mabunge ya nchi sita, wakishughulika na makaa ya mawe na chuma. Hakuna raia aliyewapigia kura. Uchaguzi wa moja kwa moja ulikuja 1979, miaka 27 baadaye. Leo linapitisha sheria.

MlaUrojo

Mkuu Kitwana, swali la mtu wa visiwani. Wabunge wakihesabiwa kwa idadi ya watu, Wachina na Wahindi si watatumeza sote? Angalau sasa Tuvalu yenye watu kama elfu kumi na moja ina kura moja sawa na India.

KitwanaTanga

Ndiyo maana hakuna anayependekeza hesabu kavu ya vichwa. Bunge la Ulaya: Malta ina wabunge 6, Ujerumani 96. Ukigawa kwa idadi ya watu, Mmalta mmoja ana uzito mara nyingi kuliko Mjerumani. Nchi ndogo inapata zaidi ya haki yake ya kihesabu, nchi kubwa inapata viti vingi lakini si vyote. Wanabishana kuhusu fomula, ila mwelekeo ni huo. Halafu kumbuka Baraza Kuu halifutwi, Tuvalu inabaki na kura yake palepale.

NahodhaBubu

Mnazungumza vizuri sana. Lakini mimi naona ni kitu cha Wazungu wa Berlin. Mwafrika gani ameliomba?

Arusha_Kwetu

Nahodha, Waafrika wameliomba rasmi. Oktoba 2007 Bunge la Afrika lilipitisha azimio la kutaka bunge la Umoja wa Mataifa, miezi michache tu baada ya kampeni kuanza. Rais wa bunge hilo wakati ule ni nani? Gertrude Mongella, mama yetu wa Ukerewe, yule aliyeitwa Mama Beijing kwa kuongoza mkutano wa wanawake wa 1995. Mwaka 2013 Bunge la Afrika Mashariki (EALA) nalo, hili la hapa Arusha, likaunga mkono. Binti_Kisauni, kama mabango yenu hayana jina la Mongella, yachapisheni upya.

NahodhaBubu

Azimio la 2007, haya. Leo limefika wapi? Na hilo Bunge la Afrika si ndilo walilokunjana mashati kule Midrand, Afrika Kusini, mwaka 2021 wakigombea urais? Mnataka tulitolee mfano?

Arusha_Kwetu

Limefika wapi: hapajafika popote pa maana. Septemba 2024 viongozi walipitisha Mkataba wa Mustakabali kule New York na bunge la UM halimo. Sitakudanganya.

Na Midrand ni aibu, sitetei. Ila tazama chanzo. Kila nchi inapeleka wabunge watano wanaoteuliwa na bunge lake, hakuna mwananchi anayewajua, hivyo hakuna wanayemwogopa nyumbani. Ile itifaki ya Malabo ya 2014 ingelipa bunge lile meno kidogo ya kutunga sheria, lakini inataka nchi 28 ziridhie na miaka imepita mingi hazijatimia. Marais wanapenda bunge lisilouma.

Hapa kwetu EALA ni hivyohivyo. Kila nchi ina wabunge 9, na wanachaguliwa na mabunge ya nchi zao. Mwaka 2006 akina Anyang' Nyong'o walikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki kupinga namna Kenya ilivyowapata wake. Mahakama ikazuia wasiapishwe, na Machi 2007 ikaamua kwamba uchaguzi unaotakiwa na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haukufanyika. Serikali zilifanya nini? Kabla hata hukumu haijasomwa, zilikwisha kubadilisha Mkataba zikajipa njia ya kuwabana majaji. Na 2017 bunge zima lilikaa miezi bila kuanza hadi Desemba kwa sababu Kenya haikuwa imeleta majina.

Kwa hiyo ushauri wangu, Binti, na najua wenzako wa Berlin huenda wasiupende: Oktoba hii bango lenu kubwa liwe "Tuchague wenyewe wabunge wa Afrika Mashariki". La UM liwe la pili. Mtu ambaye hajawahi kupiga kura ya Arusha hawezi kuota kura ya New York.

Chapakazi254

Hapo nakupinga kidogo Arusha. Ukisubiri EALA inyooke ndipo uende UM, tutazeeka. Suala la jodari wa Shangazi EALA haiwezi kulimaliza, maana Uhispania na Ufaransa hazimo Arusha. Mambo mawili yaende pamoja.

ShangaziMkali

Yaende pamoja, ila kwa mkutano mmoja hoja moja. Mkichanganya, jioni hakuna anayekumbuka alisikia nini. Tena msiwaahidi wavuvi kwamba bunge la UM lingezuia pingamizi ile. Lisingezuia, la kushauri haliwezi. Lingewaita wahusika wajieleze hadharani, na mbunge wa Ulaya angekaa meza moja na mbunge wa Pwani. Semeni hivyo hivyo, msiongeze.

Binti_Kisauni

Ahsanteni sana, nimeandika kila kitu. Shangazi, kisa cha maboya sikukijua kabisa na kikao kilikuwa hapa kwetu. Bado sijapata jibu la sahihi. Kule nje wanazungumza pia juu ya wananchi wa dunia kuweza kupeleka hoja UM kwa sahihi, kama Ulaya wanavyofanya kwa sahihi milioni moja kutoka nchi saba. Lakini hiyo haipo bado. Kwa sasa tuzipeleke wapi?

Chapakazi254

Bunge la Taifa, Nairobi. Kifungu cha 119 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake. Angalia hayo maneno ya mwisho, ndipo maombi mengi yanapoangukia. Ukiandika "tunaomba Bunge liunde bunge la dunia", Karani ataliweka kando siku hiyohiyo. Andika: "Tunaomba Bunge la Taifa lipitishe azimio la kuihimiza Serikali ya Kenya iunge mkono, katika Baraza Kuu, kuundwa kwa chombo cha wabunge chini ya kifungu cha 22." Hilo liko ndani ya uwezo wao.

Linaweza kuwasilishwa na mbunge au kupitia kwa Karani. Mimi ningetafuta mbunge, hata kama ni wa upinzani, maana atalisoma kwa sauti na litaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Sahihi mia za watu wa Likoni, Kisauni na Mji wa Kale wanaojua walichotia sahihi zinatosha. Msihangaike na maelfu.

Arusha_Kwetu

Na katika wale 9 wa Kenya walioko EALA, mwalikeni mmoja aje kuulizwa maswali. Asiletwe kuhutubia. Kiti, maji, na maswali.

NahodhaBubu

Mimi sahihi sitii. Ila siku hiyo ya mbunge wa EALA nitakuja, nina maswali yangu.

Binti_Kisauni

Karibu sana Nahodha, nitakuwekea kiti cha mbele. Basi tumewaza tuanze na wavuvi, Ijumaa baada ya swala, wakiwa wametulia.

ShangaziMkali

Ijumaa baada ya swala watu wana njaa na pilau iko nyumbani. Nenda jioni wakishona nyavu, na uende na mtu wanayemjua.