Mwanafizikia wetu kanivua nguo mbele ya mama mkwe!

MwalimuMakorora: Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Yule mwanafizikia wa baraza la kahawa pale Ngamiani mnamjua wote, simtaji. Leo kwenye posa ya shemeji yangu, mama mkwe ananisifu kwa wazee kwamba nafundisha kemia. Jamaa kadakia, kashata mdomoni: "Kemia? Ah, hayo mapishi tu." Mapishi! Mbele ya mama mkwe!

Ndivyo walivyo hao. Umuulize lolote, anaanza "tuchukulie hakuna msuguano, tuchukulie hakuna upepo." Tanga hii, na bahari ile pale, hakuna upepo? Embe likidondoka anakokotoa mwendokasi mpaka watoto wanatema kokwa. Na kila elimu duniani kwake ni kitawi cha fizikia.

Rutherford wao, huyo huyo aliyegundua kiini cha atomu, mwaka 1908 alipewa Nobeli ya nini? YA KEMIA! Nilitaka kumtolea hiyo, koo likakauka. Mama mkwe kanigeukia, kaniuliza kwa upole: "Kumbe baba, unafundisha kupika?" Wazee wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

KijanaWaLushoto: Huyo huyo! Nilimsimulia habari za Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba huku kwetu. Mwaka 1963 aliona mchanganyiko wa askrimu uliowekwa wa moto umeganda kabla ya uliopoa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye Profesa Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, akalipima jambo hilo, wakachapisha pamoja mwaka 1969, na wanafizikia wanabishana mpaka leo. Jamaa akanijibu "bahati." Hata friji hana!

MamaVitumbua: Mleta uzi, mapishi yana kosa gani? Mbona vitumbua vyangu unakula?

MwalimuMakorora: Dada, mapishi nayaheshimu. Lakini mbele ya MAMA MKWE?

Mtaalamu_Bomba: Mkwe mkwe, umeshasema. Afadhali mwanafizikia, anaongea tu. Mimi nilimwita injinia aangalie pampu ya kisima, kaifungua yote, kachora mchoro, kaondoka. Tunachota kwa jirani.

BintiChumbageni: Injinia ana nafuu. Fundi cherehani wangu ana kitambaa changu tangu Idi iliyopita, kila nikipita ananipima upya.

MwalimuMakorora: Jamani, turudi kwenye mada.

KijanaWaLushoto: Binti, fundi gani huyo? Mwenye duka karibu na stendi?

BintiChumbageni: Huyo huyo!

MamaVitumbua: Ana dera langu pia! Kesho asubuhi twendeni wote.