Juisi ya karoti na biti baada ya tiba ya saratani

Swali: Wakuu wa Dodoma, mama kamaliza dripu za saratani. Nina blenda tu. Nichanganyeje?

Jibu: Pole kwa kuuguza. Karoti 3, biti nusu, tangawizi kidogo, nusu kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Sugua karoti kwa brashi kwenye maji yanayotiririka, hasa pale shingoni. Udongo hujificha hapo. Saga, anywe papo hapo.

Jibu: Usichuje sana, makapi ndiyo yenye nyuzinyuzi. Glasi ndogo yatosha. Zabibu zetu ale nzima, juisi yake ina sukari nyingi. Biti huweza kufanya mkojo uwe mwekundu.

Jibu: Chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, zikiwa bado chini, juisi mbichi isubiri, muulizeni daktari. Balungi hugongana na baadhi ya dawa.