Mjadala: Picha ya wanyamapori ni lazima iwe na damu?

Wadau, kila unapotajwa uchoraji wa wanyamapori huwa kuna wanaosema kwamba simba na nyati hawajachorwa sawasawa mpaka kucha ziwe zimezama kwenye ngozi. Mimi napinga.

Chukueni George Stubbs, Mwingereza wa karne ya 18 aliyekirudia kisa cha simba na farasi kwa miaka mingi. Katika baadhi ya picha zake simba yuko mgongoni, anatafuna. Katika nyingine ndiyo kwanza anajitokeza, na farasi amekakamaa, singa zimemsimama, macho yamemtoka. Hakuna aliyeguswa. Hizi ndizo zinazonishika nisiondoke, kwa kuwa litakalofuata halijulikani. Zile za kutafuna zimeshamaliza kusema.

Tena ndizo zilizo karibu na ukweli. Simba hukosa windo mara nyingi kuliko anavyolipata, na sehemu kubwa ya siku humpita amelala. Wanyama wakubwa wakikabiliana, aghalabu hutishana kisha wakaachana, maana jeraha laweza kumuua hata mshindi. Tembo anayetanua masikio na kutikisa kichwa mara nyingi anaonya tu. Akiyalaza masikio na kukunja mkonga, hapo ana nia. Kiboko anayeachama kinywa anakuonyesha meno, hana usingizi. Mchoraji asiyezijua ishara hizi atatuchorea hasira ya binadamu ndani ya ngozi ya mnyama.

Najua nitakavyojibiwa: sanaa si somo la baiolojia. Mtanitajia Henri Rousseau, ambaye hakuwahi kutoka Ufaransa, na simba wake wa 1905 anayemrarua swala alitokana na ngozi zilizojazwa na kusimamishwa katika makumbusho ya Paris. Picha hiyo ni nzuri mno, nakubali bila kinyongo. Ila Rousseau alichora ndoto, na kila jani la msitu wake linakiri hivyo. Anayejitambulisha kuwa mchoraji wa wanyamapori ametuahidi kwamba anamjua mnyama. Akimfanya chui kuwa muuaji wa kila saa, wanaomwogopa watazidi kumwogopa, na siku mnyama huyo akihitaji watetezi watakuwa wachache.

Mnaotetea picha za damu, nijibuni hili: ni shambulio gani lililochorwa ambalo limewafunza jambo kuhusu mnyama, jambo ambalo nukta ile ya kabla yake isingeweza kuwafunza?