Mjadala: Pesa za makampuni kwenye vyuo vikuu vya Japani, nani anafaidika?

Wakuu, Aprili 2024, Kishida, waziri mkuu wa Japani wakati huo, akiwa ziarani Washington, zilitangazwa dola milioni 110 za utafiti wa akili mnemba. Amazon na NVIDIA milioni 50 kwa Chuo Kikuu cha Washington, kile cha Seattle, na cha Tsukuba, Japani. Microsoft, SoftBank, Arm na wenzao milioni 60 kwa vyuo vikuu vya Carnegie Mellon, Marekani, na Keio, Japani.

Wengi wanalalamika kwamba maprofesa watanunuliwa. Mimi hilo halininyimi usingizi. Someni kifungu cha 73 cha sheria ya hataza ya Japani, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Kampuni na chuo wakimiliki hataza kwa pamoja, kila mmoja anaitumia bila kumwomba mwenzake, mkataba usiposema vingine. Ila hakuna anayeweza kumpa mtu wa tatu leseni mpaka mwenzake akubali. Sasa chuo kina kiwanda gani? Kampuni inatengeneza na kuuza. Chuo kikitaka kumpa leseni mshindani wa kampuni hiyo, kinaambiwa hapana. Ndiyo maana vyuo vinadai fidia kwa kuwa vyenyewe haviitumii hataza, na makampuni yanagoma.

— Mkuu, sheria umeichambua, njaa umeiruka. Vyuo vya taifa viligeuzwa mashirika yanayojitegemea 2004, na tangu hapo ruzuku imepungua. Juni 2024 umoja wao ulitamka wazi kwamba hali imefika kikomo. Chuo Kikuu cha Tokyo kimepandisha ada kutoka yen 535,800 hadi 642,960 kwa mwaka. Mwenye hali hiyo abishane kuhusu kifungu? Na ile kompyuta ya kwanta ya IBM iliyofungwa mji wa Kawasaki, jirani na Tokyo, 2021, watafiti wa Tokyo wangeipata wapi kwa ruzuku?

— Kawasaki nakupa, pale chuo kimepata kitu cha kushika. Lakini njaa ndiyo inayosainisha mikataba mibovu. Tasuku Honjo, profesa wa Chuo Kikuu cha Kyoto, alisaini na kampuni ya dawa ya Ono mwaka 2006, baadaye akaona mgao wa dawa ya saratani iliyotokana na utafiti wake unampunja. Alipata Nobel 2018, akaenda mahakamani, wakapatana 2021: yeye yen bilioni 5, chuo chake mchango wa bilioni 23. Huyo ni Honjo, anasikilizwa. Mhadhiri kijana wa chuo cha mkoani, ambaye hata ofisi yake ya hataza ina watu wawili watatu, atamshtaki nani?