Sheria ndogo ya miti Mtwara: ihusu viwanja vya watu au tuanze na barabara?

Mwana_Ligula: Wakuu, nina mapendekezo nataka kumpa diwani wetu. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 inairuhusu manispaa kutunga sheria ndogo, kwa hiyo tusizungushwe hadi Dodoma. Rai yangu: anayeomba kibali cha ujenzi aoneshe kwenye ramani yake miti iliyopo kiwanjani. Mti mkubwa usiguswe mpaka mtu aje aukague. Ukikatwa, panda mitatu. Swali: tuwaingilie watu viwanjani mwao, au tuanze na barabara na maeneo ya umma?

FundiChuno: Nusu ya nyumba ninazojenga hazina kibali, leo unaongeza na mti. Mwezi uliopita tumeng'oa mkungu, mizizi imezama kwenye shimo la choo la jirani. Siku mbili za shoka. Mtunga sheria aje ashike mpini.

Bi_Mikindani: Wewe unatumia shoka, wenzio hawana haja nalo. Mtaani kwetu kuna mtu mwembe ulimzibia fremu ya duka. Akachuna gome kuzunguka shina zima, upana wa kiganja, akamwaga chumvi ya mawe, akazungushia matambara kama anauguza kidonda. Masika yalipoisha upande wa barabarani ukawa kijivu. Mwenyekiti kaja, kaambiwa "umekufa wenyewe." Ukiandika "marufuku kukata", huyu hujamgusa. Andika "kuua mti kwa njia yoyote."

Mwana_Ligula: Hiyo naiandika sasa hivi, dada.

Mlindi_Halisi: Mnanichekesha. Hiyo miti ya Shangani mlipandiwa na mkoloni, kazi yenu ni kukata tu. Njooni Lindi mjifunze.

Chikongola_Juu: Tujifunze nini Lindi, kulala mchana? Mkoloni unayemsifu ndiye aliyepeleka matrekta Nachingwea kung'oa pori apande karanga. Karanga zikamshinda, pori halikurudi. Nachingwea iko mkoa gani vile?

Mlindi_Halisi: Na Mtwara mji wenu ulijengwa kwa ajili ya nini kama si bandari ya karanga hizohizo? Makao makuu ya Jimbo la Kusini yalikuwa kwetu, ninyi mmehamishiwa tu. Babu yangu alisimulia kimbunga cha 1952 kilivyolaza minazi Lindi. Hawakungoja sheria ndogo, walipanda.

Chikongola_Juu: Kila mada kimbunga. Juzi mlisema kimbunga ndicho kilichowafilisi.

Mama_Korosho: Waacheni Walindi. Mwanangu wa Ligula, nijibu mimi: mkorosho nao ni mti kwenye sheria yako? Nina miwili Mangamba, mji umenifuata hukohuko. Wataalamu wa Naliendele, kituo cha utafiti wa korosho, wanasema mkorosho hadi mkorosho mita 12 kwa 12. Kiwanja changu 20 kwa 20. Mwanangu akitaka kujenga nimwambie akaombe ruhusa kwa mkorosho?

Mwana_Ligula: Mama shikamoo. Mkorosho ni mali ya mtu, tunaweza kuutoa.

Bi_Mikindani: Ukitoa mkorosho, mwenye mwembe atasema naye ni mali. Mwenye mnazi ndiyo usiseme. Itabaki mijohoro na mwarobaini, sheria ya kulinda visivyoliwa.

Mama_Korosho: Mwanangu, uzalendo wa miti unaanza kwenye mti wa mwenzio.

FundiChuno: Tena mama kanikumbusha. Siku wakisikia sheria inakuja, mashoka yatalia usiku kucha kabla haijatangazwa. Na atakayebaki na kiwanja cheupe hapandi tena, maana mche wa leo ni kesi ya mwanawe. Kwenye fidia ni kinyume: tetesi tu ya barabara kupita, kesho shamba limejaa miche hata jina lake mwenyewe halijui.

Chikongola_Juu: Hiyo ya miche ya usiku waulizeni Walindi.

Mpita_Njia: Mleta mada, nikusahihishe. Dodoma utafika tu. Baraza la madiwani likishapitisha, sheria ndogo inaenda kwa waziri aidhinishe, halafu Gazeti la Serikali. Na kabla ya hapo wananchi wanatangaziwa walete pingamizi. Huyo mama wa mikorosho miwili peke yake atakukalisha mwaka.

Mama_Korosho: Miwili unaiita midogo? Imesomesha watoto.

Mwana_Ligula: Basi nimepunguza. Tuanze na barabara, shule, masoko na ufukwe. Viwanjani mwa watu iwe kupanda tu, bila adhabu ya kukata. Mnasemaje?

Bi_Mikindani: Yaani umeondoa mwembe wangu wote na chumvi yake. Haya.

FundiChuno: Kama ni barabara, anza na hili. Mwarobaini wa kijiwe chetu cha bodaboda umeamka leo na X nyekundu. Chini yake kuna mama wa mihogo, kinyozi na pikipiki kumi na kitu. Nani kaichora hatumjui, tumeuliza mtaa mzima.

Mlindi_Halisi: Kwetu X nyekundu wanapiga nyumba, miti inabaki.

Chikongola_Juu: Nyumba zenyewe ziko wapi?