Tupeane uzoefu: mlioamua ghafla na mwenza wako mkapanda meli ya kitalii ya Karibi

Zamu ya Usiku:
Wakuu, leo nimetoa koti kabatini, mfukoni nikakuta kadi ya chumba cha meli. Nimekaa nayo mkononi kama dakika kumi. Tuko Dallas, mimi na mke wangu wote tunalea wazee, yeye mchana, mimi usiku. Tulikuwa tunapishana mlangoni kama wapangaji. Alhamisi moja usiku akaona ofa kwenye simu: siku tano, kutoka bandari ya Galveston hadi Cozumel na Progreso kule Mexico, meli inaondoka Jumamosi. Akaniuliza, "Baba Imani, twende?" Nikasema twende, bei sijauliza. Jumamosi alfajiri tuko barabarani, mwendo wa kama saa tano. Tulipewa chumba cha ndani kisicho na dirisha, ukizima taa hujui kama nje kuna jua. Siku ya kwanza tulilala mpaka tukakosa chai. Sikumbuki lini kabla ya hapo tuliamka pamoja. Na nyie tupeni yenu, mazuri na mabaya.

Kijana wa Raskazone:
Sisi tulishuka Falmouth, Jamaika, tukala wali wa nazi uliopikwa na maharage. Mke wangu akanitazama, nikamtazama. Tanga tupu.

Mama Mapacha:
Hii mada imenigusa. Ngoja nimpokee mtoto shule nirudi, yangu ni ndefu.

Mkwaju:
Ushauri wa bure: kateni tiketi wiki ya mwisho, vyumba vya ndani hushuka bei sana hasa miezi ya vimbunga. Na mkiwa ndani nendeni dawati la huduma mkafute ile bahashishi ya kila siku, sisi walitukata zaidi ya dola 30 kwa siku watu wawili. Tulifuta, hakuna aliyetuuliza.

Bint Kisauni:
Mkwaju, umefuta jasho la mtu anayetandika kitanda chako kila siku! Wale wengi wanatoka Ufilipino, Indonesia na India, wana mikataba ya miezi mingi bila kuona watoto wao. Sisi tunaoishi ughaibuni tukifanya hivyo, nani atawaonea huruma?

Mkwaju:
Dada, mwajiri wao ndiye wa kuwalipa, si mimi. Nina wazazi wananisubiri nyumbani.

Mzee wa Kutafakari:
Kama una wazazi wanasubiri, umefuata nini melini?

Mkwaju:
Mzee wangu, nimefuata kupumzika. Nilikuwa sijachukua likizo miaka minne.

Nyamagana:
Naomba niseme langu. Mimi ni wa Mwanza. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama nilikuwa darasa la pili, na baba yangu mdogo alikuwa ndani. Mume wangu ni wa Arusha, haya aliyajua juu juu tu. Alininunulia safari kama zawadi ya kushtukiza, nikaona aibu kukataa. Miami nikapanda nikijikaza. Kisha likaja zoezi la dharura, ile honi ya mara saba fupi na moja ndefu, mhudumu anaonyesha boya linavyofungwa. Nikaanza kutetemeka, nikakaa chini sakafuni mbele za watu. Mume wangu akakaa chini na mimi. Hakunibembeleza wala kuniambia meli hii ni kubwa. Aliniuliza tu, "Alikuwa anaitwa nani?" Nikamtajia jina. Usiku huo nilimsimulia yote, mpaka jinsi bibi alivyokuwa akienda bandarini kila siku. Miaka tisa ya ndoa, nilikuwa sijawahi kumweleza.

Kijana wa Raskazone:
Pole sana dada.

Bint Kisauni:
Pole mamangu. Mungu amrehemu.

Mama Mapacha:
Nimerudi, na nimesoma ya Nyamagana nimelia kwanza. Pole dada yangu.

Yangu sasa. Tuliondoka Miami mwezi wa nane, tumekata tiketi siku nne kabla. Cozumel tukashuka wenyewe, hatukulipia matembezi ya meli, tukachukua teksi hadi ufukweni upande wa pili wa kisiwa. Mwisho wa kurudi ilikuwa saa tisa na nusu, meli inang'oa nanga saa kumi. Tulifika gatini simu yangu inasema saa tisa na dakika kumi. Namwambia mume wangu, umeona, tuna dakika ishirini za kununua maji. Nikainua macho, meli hiyooo inaondoka. Watu wako juu kwenye roshani wanatupungia mikono na kutupiga picha.

Wakuu, Cozumel hawasogezi saa mwaka mzima, Miami majira ya joto wanasogeza mbele. Meli ilikuwa inafuata saa ya Miami, simu yangu ilijibadilisha yenyewe ikafuata ya kisiwa. Kwa saa ya meli ilikuwa saa kumi na dakika kumi.

Mume wangu ana presha na vidonge viko chumbani. Pasipoti ziko kwenye kasha la chumbani. Mwilini nina dera, ndala na dola 60. Nilimsemea maneno mabaya, kwamba teksi ile aliichelewesha yeye, na simu ilikuwa yangu. Baadaye akatokea wakala wa meli pale bandarini na bahasha. Kumbe mkichelewa wanafungua kasha na kuacha pasi zenu kwa wakala. Ndani ya bahasha pia kulikuwa na vidonge vya mume wangu. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote kuhusu dawa. Ni yule kijana wa kutandika, alikuwa akiziona kila asubuhi karibu na taa.

Tukalala kisiwani, asubuhi tukavuka kwa feri hadi Playa del Carmen, basi hadi uwanja wa ndege wa Cancún, ndege hadi Miami. Gharama ilizidi ya safari nzima. Kwenye ile feri ndipo nilipomwomba mume wangu msamaha. Meli iliporudi tulikwenda kuchukua mizigo, nikamtafuta yule kijana sikumpata, nikamwachia barua.

Mkwaju:
Mama Mapacha, nimesoma mara mbili. Bint Kisauni, nimekuelewa.

Mgeni Minnesota:
Mimi nauliza. Nimeomba hifadhi, kesi bado. Nimeambiwa meli ikianzia Marekani na kurudi Marekani ni kama hujatoka nchini. Ni kweli?

Mkwaju:
Nenda tu, ni safari ya ndani.

Zamu ya Usiku:
HAPANA. Meli ikifika Mexico au Bahamas umetoka Marekani. Ombi la hifadhi likiwa bado, ukitoka bila kibali cha kusafiri ulichopewa kabla, linaweza kuhesabiwa umelitelekeza. Muulize wakili wako, usitusikilize sisi. Na nyie raia mnaopanda na cheti cha kuzaliwa tu kwa sababu meli inakubali: yakiwakuta ya Mama Mapacha, hamtapanda ndege bila pasipoti.

Mzee wa Kutafakari:
Kichefuchefu je? Mama yenu hawezi hata daladala.

Kijana wa Raskazone:
Chumba cha chini katikati ya meli, na tangawizi. Asile sana.

Nyamagana:
Ale, tumbo tupu ndio baya zaidi. Na atazame mbali, asitazame maji ya karibu.

Bint Kisauni:
Mjiandae njia kubadilishwa pia. Julai 2024 kimbunga Beryl kilipoelekea Jamaika, nahodha alitugeuza tukaishia Nassau, Bahamas. Tulirudishiwa ada ya bandari tu. Mume wangu alinuna siku nzima, jioni akanifundisha kuogelea.

Zamu ya Usiku:
Mke wangu amesoma uzi wote hapa pembeni yangu. Ameuliza wiki ijayo zamu yangu ya Ijumaa inaweza kushikwa na nani.