Mrejesho: muda wa kusomea CCNA nikiwa kazini

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri wa namna ya kupata muda wa kusomea CCNA, cheti cha mitandao ya kompyuta cha kampuni ya Cisco, ilhali ninafanya kazi ya zamu mjini Nairobi na kuishi Githurai. Mtihani nimeufaulu, kwa hiyo nawaletea mrejesho. Ulionifaa zaidi ni ushauri wa aliyesema nilipie kwanza na kuchagua tarehe, maana tarehe ikishawekwa, visingizio hupungua vyenyewe. Ndani ya matatu, Barabara ya Thika ikiwa imefungana, nilikuwa nikigawanya mitandao kichwani: mtandao wa ukubwa unaoandikwa /26 una anwani 64, mbili hazipewi kifaa, zinabaki 62 za kompyuta na vifaa vingine. (Kondakta alinizoea, akaacha kuniuliza ninanong'ona nini.) Kasi ya kuhesabu niliyoipata hivyo ilinisaidia sana, kwa kuwa mtihani ni wa dakika 120 na swali ukishalipita hulirudii. Mazoezi ya kusanidi ruta na swichi (vifaa vinavyounganisha mitandao na kompyuta), yasiyowezekana garini, niliyafanya alfajiri kabla watoto hawajaamka, kwa Packet Tracer, programu ya kuiga vifaa hivyo kwenye kompyuta ambayo Cisco huitoa bila malipo. Kusoma usiku baada ya zamu simpendekezei yeyote. Cheti hudumu miaka 3, na mke wangu ameshaanza kuuliza ratiba ya kukihuisha itakuwaje.